Sakafu ya Kuonyesha Wateja

Msumari aliingia nyumbani kwa mama yake bila kubisha hodi, na kwa mtu aliyelelewa na mama yule, hilo peke yake lilitosha kuonyesha jinsi alivyokuwa amefura. Begani alibeba mfuko wa turubai uliojaa vipande vya mbao. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya sebuleni, akaumwaga mfuko ule mpaka vikombe vya chai vikaruka.

"Nimekuja," alisema. "Nani anasema sakafu yangu ing'olewe?"

Jina la Msumari alipewa na marehemu baba yake tangu utotoni, kwa sababu akishaingia kwenye jambo hatoki mpaka ang'olewe kwa nguvu. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa sakafu za mbao, na mjini kote hakuna aliyelaza ubao akamfikia. Hilo si kumpaka mafuta. Hata mafundi wenzake waliomchukia, na hawakuwa wachache, walikiri hivyo wakiwa peke yao.

Aliyesema sakafu ing'olewe alikuwa amekaa palepale mezani, mguu juu ya mguu. Huyo alikuwa kaka yake, muuzaji wa bima. Kazi hiyo ilikuwa imemharibu mdomo, kwani siku hizi hata salamu aliitoa kama mtu anayesoma fomu.

"Kaa kwanza," alisema. "Tuzungumze kama watu wazima."

"Nimesimama. Zungumza."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jumatano asubuhi, mama yao aliteleza kwenye korido akienda chooni, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Sasa alikuwa chumbani amelala, mkono umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Jana kaka alikuwa amempigia Msumari simu na kukata kauli: ama sakafu ile iondolewe, ama Jumatatu Mama anahamia kwake, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Mama alikuwa amejibu kwa sentensi moja tu, kwamba yeye kwake hatoki. Alikuwa na miaka sabini na sita, na nyumba ile aliijenga na mumewe chumba kimoja baada ya kingine.

"Mimi nimeshapata suluhisho," kaka alisema. Akatoa chini ya kiti kipande chembamba cha rangi ya kahawia, kinang'aa, akakiweka mezani kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai. "Hii wanaitandaza siku moja. Haihitaji msumari wala gundi. Hailiwi na mchwa. Na ukiitazama, huwezi kujua kama si mbao."

Msumari alikichukua, akakipindua, akakigonga kwa kidole. Kililia kama kopo.

"Hii ni picha," alisema. "Wamepiga picha ubao, wakaibandika juu ya unga wa mbao uliogandishwa. Ikiingia maji inavimba kama mkate kwenye chai. Wewe unataka Mama atembee juu ya picha?"

"Nataka Mama asivunjike mkono wa pili."

"Mbao hazikumvunja mkono."

"Basi nani? Jirani?"

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akifuta kikombe kilichokwisha kukauka zamani. Ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kumwogesha Mama na kumpikia, na kama kawaida ya mtu anayefanya kazi, hakuna aliyemwuliza chochote.

Msumari alianza kupanga vipande vyake mezani, kimoja kimoja, akivipiga chini kama mtu anayecheza karata na anajua atashinda. Kama Mama hataki ile ya sasa, alisema, basi atamwekea nyingine, lakini itakuwa mbao, mbao ya kweli, iliyowahi kuwa mti.

"Huu mvule. Mchwa hawausogelei. Leo ni wa manjano, baada ya miaka miwili utakuwa kahawia. Vumbi lake linanichefua, naukata nikipiga chafya siku nzima, lakini ukishalala umelala. Huu mkongo. Mgumu, unamaliza meno ya msumeno. Angusha sufuria juu yake, sufuria ndiyo itakayobonyea. Huu msaji, una mafuta yake ndani, maji yanateleza juu tu. Huu mkangazi nimeuleta ili uone uzuri wake, lakini siushauri, ni laini, kisigino cha kiatu kinauachia alama. Na huu," akakiweka cha mwisho katikati, taratibu, "huu ni mninga. Ndio ulio chini ya miguu yako. Haukunjiki, haupindi, hausinyai. Miaka tisa umelala hapa na hakuna ufa unaopitisha hata ukucha. Nionyeshe."

Kaka hakuinama kutazama. "Sibishani na wewe juu ya miti."

"Kwa sababu huijui."

"Kwa sababu Mama ameanguka."

"Mtu wa miaka sabini na sita anaweza kuanguka kitandani. Nacho tukichome moto?"

Alijua kwamba alikuwa amepaza sauti, na hakujali. Hasira zilikuwa zimempanda tangu jana na hazikuwa na mahali pa kutua. Sakafu ile ilikuwa ndiyo kazi yake ya kwanza aliyoifanya akiwa fundi anayejitegemea. Alizichagua mbao moja moja ili nyuzi zifuatane kutoka sebuleni, zipite korido, mpaka mlango wa choo, kana kwamba mti mmoja mrefu ulilala pale kwa hiari yake. Kila mwaka mpya alirudi na msasa laini na kopo la vanishi, akaipaka matabaka mawili mapya. Hakuwahi kukosa. Watoto wengine huwapelekea mama zao vitenge. Yeye alimpelekea mng'ao. Na leo huyu mwuza bima, asiyejua tofauti ya randa na patasi, anakuja na picha.

"Hii si mara ya kwanza," wifi yake alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikiweka kikombe chini hatimaye.

"Nini si mara ya kwanza?" Msumari aliuliza.

"Kuanguka. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza aliumia goti. Mara ya pili alikaa chini pale koridoni mpaka nilipofika. Alinikataza nisiwaambie."

Kaka alimkodolea mkewe macho. Hata yeye alikuwa hajui.

"Ndipo nikamletea yale mazulia," wifi aliendelea. "Yale yenye mpira chini. Nikayapanga kutoka kitandani mpaka chooni. Tangu hapo alikuwa anatembea vizuri tu. Jumatano nilipokuja nimemkuta chini, na mazulia hayapo. Nimeyakuta stoo, yamekunjwa vizuri na kufungwa kamba."

Ile kamba Msumari aliijua. Alikuwa ameifunga mwenyewe.

Jumanne alikuwa na wateja. Mume na mke wanaojenga, wamekaa wiki mbili wakilinganisha mbao na vigae na kila takataka ya dukani, hawajaamua. Alifanya kama anavyofanya siku zote akipata wateja wa namna hiyo: aliwaleta hapa. Maneno mengi ya nini, njooni muione. Mama huambiwa akae jikoni kidogo, wageni wanapita, wanavua viatu wenyewe bila kuambiwa, wanapiga magoti, wanapitisha viganja. Wengi waliamua palepale. Na mtu hawezi kuonyesha sakafu iliyofunikwa mazulia ya mpira. Tena mpira unafungia unyevu na kuacha madoa kwenye vanishi, hilo kila fundi analijua. Kwa hiyo aliyaondoa. Na wale wateja walitaka kurudi tena leo saa sita kuitazama mara ya mwisho, kwa hiyo hakuyarudisha.

"Yanaharibu vanishi," alisema, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno yale yalisikika madogo.

"Ulimwondolea Mama mazulia?" kaka aliuliza. Sasa alisimama. Hakuwa tena na sauti ya fomu. "Unakuja hapa kunigombeza mimi, unanipigia mbao mezani, na ni wewe?"

"Sikujua kama alishaanguka. Nyinyi mlinificha."

"Uliuliza?"

"Na wewe uliuliza? Mkeo anajua, wewe hujui, unakuja na picha yako—"

"Mkimaliza," ilisema sauti kutoka koridoni, "mtu mmoja aje anishike."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, kanga kiunoni, mkono wa plasta umening'inia kwenye kitambaa shingoni, ule mwingine umeshika fremu ya mlango. Alikuwa mwembamba na mrefu, na hasira zake hazikuwa za kupaza sauti. Watoto wake wote wawili walikuwa wakiziogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Nimelala pale nawasikiliza," alisema. "Mvule, mkongo, msaji. Mmoja anauza, mwingine anauza. Mimi nimebanwa na mkojo tangu mlipoanza."

Wifi alimkimbilia, akampeleka chooni polepole kwa kumshika kwapa. Kaka na dada walibaki wamesimama bila kutazamana. Waliporudi, Mama hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama katikati ya sebule.

"Hivyo vibao viwekeni chini. Vyote. Na hicho cha kaka yako pia."

Viliwekwa chini, kwenye mstari, sehemu inayong'aa ikiwa juu. Mama alimwambia wifi alete kikombe cha maji. Akakipokea kwa mkono mzima, akainama kadiri alivyoweza, na akamwaga maji juu ya kila kibao mpaka Msumari akauma meno, maana maji yalikuwa yakitapakaa kwenye mninga wake.

"Mimi natoka kuoga miguu imelowa," Mama alisema. "Hakuna anayetoka kuoga mkavu. Haya, nishike."

Akavua kandambili. Huku wifi amemshika kiunoni, aliweka mguu juu ya mvule, akausukuma kidogo mbele. Mguu ulikwenda. Aliuweka juu ya mkongo, ukakimbia zaidi. "Huu ni sabuni," alisema. Msaji, vilevile. Mkangazi, vilevile. Kwenye kile cha kaka, mguu ulipaa kabisa na wifi akalazimika kumdaka.

"Na hii ndiyo uliyoniletea wewe," Mama alimwambia mwanawe, "kisha unipandishe ghorofa tatu. Kule kwako bafuni kuna nini, nyasi? Vigae vitupu. Wiki niliyokaa kwako nilikuwa naoga nimekaa chini."

Mama alifika kwenye mninga. Hakuukanyaga. Aliupindua kwa kidole gumba cha mguu, ukalala kifudifudi, mgongo juu, upande ambao haujapigwa randa wala vanishi, wenye mikwaruzo ya msumeno. Akaumwagia maji yaliyobaki. Akaweka mguu, akausukuma. Mguu haukwenda popote. Akausukuma tena kwa uzito wake wote. Ukakaa.

"Huu," alisema.

"Huo ni mgongo, Mama," Msumari alisema.

"Basi nataka mgongo."

"Mama, huwezi kuishi juu ya mgongo wa ubao. Huo upande unatazama chini, haukutengenezwa kutazamwa. Bila vanishi utakunywa maji, utaota madoa, utapauka."

"Na mimi nimepauka. Mbona hamjanipiga vanishi?"

Wifi aliangua kicheko kifupi, akakimeza. Msumari hakucheka. Alikuwa anaona, waziwazi, kile alichokuwa anaombwa. Hakukuwa na haja ya ubao mpya hata mmoja. Mninga ulikuwa tayari pale. Kilichotakiwa ni kuuvua mng'ao wa miaka tisa, kuukwaruza kwa msasa mnene, tena kwa kukata nyuzi badala ya kuzifuata, mpaka uwe kama ulivyotoka kwenye msumeno. Mwanafunzi wake akifanya hivyo angemfukuza kazi.

"Nitaweka soli za mpira kwenye kandambili zako," alisema. "Nitaweka vishikio ukutani, vya mninga huohuo, vizuri, vitapendeza—"

"Vua viatu."

"Mama."

"Vua hivyo viatu vyako."

Msumari aliinama, akafungua kamba za viatu vyake vya kazi, vile vyenye soli nene za mpira. Akavivua. Mama akamsukumia kandambili zake kwa mguu.

"Vaa. Hizo ndizo ninazotembelea. Nenda bafuni, lowesha miguu, halafu rudi hapa. Usijishike popote."

Ungecheka kama ungekuwepo, lakini hakuna aliyecheka. Fundi mkuu wa sakafu alitembea kwenda bafuni kwa kandambili za mama yake zilizoliwa kisigino, akasikika akifungua bomba, akatokea tena kwenye mwanzo wa korido.

Miaka tisa alikuwa ameijua korido ile kwa magoti na viganja. Aliijua kama mafundi wote wa sakafu wanavyozijua sakafu zao, kwa kuipapasa, kuigonga, kuitazama kwa pembeni dhidi ya mwanga. Kusimama wima juu yake akiwa amelowa miguu, hilo hakuwahi. Hatua ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili pia. Ya tatu, kandambili ilibaki nyuma na mguu ukatangulia, na mwili wote ukamwenda kombo, na mkono wake wa kulia ukaruka wenyewe ukutani.

Hakuanguka. Alisimama pale akihema, kiganja kimebana ukuta, na ndipo alipotazama kilipobana. Chini ya kiganja chake palikuwa na weusi, uchafu wa mafuta ya ngozi, umepakwa ukutani kwa mstari kutoka mlango wa choo mpaka chumbani kwa Mama, kimo cha kiuno. Alikuwa ameupaka rangi mara mbili, weusi ule. Mara zote mbili alimlaumu wifi yake kwamba hajui kuosha kuta. Leo kiganja chake kilikuwa kimetua katikati ya mstari ule bila kuutafuta.

Alirudi sebuleni pekupeku, kandambili mkononi. Aliwakasirikia wote kwa pamoja, kaka, wifi, mama, na chini ya hasira zile kulikuwa na hasira nyingine ambayo hakutaka kuitazama usoni.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza mama yake. "Miaka tisa. Nakuja hapa kila mwaka na vanishi, unaniwekea chai, unasema asante mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," Mama alisema.

"Lini?"

"Wiki ileile ulipomaliza. Nilikwambia, mwanangu, hii sakafu inanitisha. Ulikuwa hapo chini, umepiga magoti, unafuta. Hata hukuinua kichwa. Ukaniambia, utaizoea." Mama alikaa kwenye kiti, polepole, akiutanguliza mkono wa plasta. "Halafu ukaanza kuleta watu. Mimi nikawa nakaa jikoni kwangu mwenyewe mpaka wageni waondoke. Nikaona, basi, hapa nimewekwa dukani. Mtu hagombani na duka."

Msumari alikuwa analikumbuka neno lile, si kwa siku ile, bali kwa sababu alilisema kila siku. Aliwaambia wateja wote waliolalamika. Utaizoea.

Alitoka nje hadi kwenye gari lake. Kaka yake alidhani amekasirika na anaondoka, akaanza kumwambia mkewe kwamba huyo ndivyo alivyo, ukimgusa tu anaingia mitini. Lakini alirudi na mashine ya msasa mkononi, barakoa shingoni, na karatasi za msasa mnene kuliko zote alizokuwa nazo, zile anazotumia kuvua rangi kwenye milango mikuukuu. Akatandika shuka kwenye mlango wa sebule kuzuia vumbi. Akaenda kupiga magoti kwenye mlango wa choo.

Hakuanza mara moja. Simu yake ilikuwa inaita. Aliitazama, akaipokea, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya wote waliisikia sauti ya mwanamume upande wa pili, mchangamfu, akisema kwamba wameshafika njia panda, wataingia kushoto au kulia, mkewe amekuja na mama mkwe naye aione ile sakafu.

"Geuzeni gari," Msumari alisema. "Hakuna sakafu ya kuona hapa."

Mwanamume alisema kitu.

"Hapana, haijauzwa. Hapa ni kwa mama yangu, anakaa mtu." Akasikiliza. "Huyo mama mkwe wako, mtakaa naye? Basi mwulize anatembeaje akitoka kuoga. Ukishajua ndipo unipigie."

Alikata simu, akavaa barakoa, akawasha mashine. Ilinguruma kwenye korido nyembamba mpaka vikombe vikatetemeka mezani. Aliishusha kwa kukata nyuzi, kinyume cha yote aliyojifunza na kuyafundisha, na mng'ao ukapasuka, ukageuka mweupe, ukawa unga. Alipovua shubiri mbili hivi aliizima, akavua barakoa, akatema mate mlangoni mwa choo. Ubao uliobaki pale chini ulikuwa na makovu, haukuwa na rangi maalumu, sakafu ambayo fundi yeyote angemcheka nayo.

"Mama," aliita bila kugeuka. "Njoo ujaribu, uniambie kama imetosha."

Mama alikuja na wifi. Alisimama juu ya kile kipande, akalowesha vidole vya mguu kwenye kikombe, akasukuma. Msumari, akiwa chini, alitazama mguu ule kwa karibu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kisigino kilichopasuka, ukucha mweusi wa kidole kikubwa ambao hakuujua ulitoka wapi.

"Bado," Mama alisema. "Ongeza."

Akawasha mashine tena.